Yule Mrefu Asiyetoa Pasi

Mchumba wangu aliiharibu posa yake kabla hajaileta, na aliiharibu kwa sababu ya mpira wa kikapu. Nilikuwepo, nimekaa juu ya furushi la pamba, na sikuweza kumziba mdomo.

Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa. Zamani pamba ya kijijini kwetu Sapiwi ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake, na ukisubiri, unasubiri. Sasa wanunuzi walikuja na malori yao, kila mmoja na mzani wake, na bado tulisubiri vilevile, ila kwa uchangamfu zaidi. Mitumba nayo ilikuwa imejaa Bariadi. Vijana walibeba pamba wamevaa fulana za timu za Marekani, zenye namba za kule na jasho la kwetu. Kibanda cha video mjini kilikuwa na kanda moja ya mpira wa kikapu, imechakaa mpaka wachezaji walionekana kama wanacheza kwenye mvua.

Basi lori lilipochelewa pale kwenye gulio la pamba, watu walipanga kikosi. Unataja watano bora wa wakati wote, kisha unawatetea. Mmarekani haruhusiwi, hata kama umevaa fulana yake. Lazima mtu awe amecheza kwenye uwanja wa misheni pale mjini, ule wa saruji wenye ufa katikati, kwa sababu mchezaji ambaye hajawahi kunyang'anywa mpira na ufa ule hatukujua tumpime kwa lipi.

Na utetezi wenyewe ulikwenda kama mazungumzo ya mahari. Kwetu Wasukuma ng'ombe wa mahari hatajwi kwa jumla. Anasemwa mmoja mmoja, rangi yake na tabia yake, na upande wa binti kazi yao ni kumtia kasoro. Huyu pembe imelegea, huyu anapiga teke, huyu ndama wake wa kwanza alikufa na hamkutuambia. Kwenye gulio ilikuwa hivyohivyo. Ukimtaja mchezaji, waliokuzunguka wote wanageuka kuwa wajomba wa binti.

Mchumba wangu alikuwa mpima mizani wa mmoja wa wanunuzi wale wapya. Kwao ni Ipililo, upande wa Maswa, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kwetu aliyemjua zaidi yangu, na mimi nilimjua vya kutosha. Wazee wake walikuwa walete posa msimu ukiisha. Baba yangu hakuwa amemtia machoni. Siku hiyo baba alileta pamba kwa mkokoteni wa ng'ombe, akajilaza juu ya mafurushi yetu, kofia usoni. Mchumba wangu aliona mzee mmoja amelala. Mimi niliona baba.

Mpima mizani akaanza kuwaingiza watu wake kikosini. Wa kwanza katekista, aliyeweza kudunda mpira huku anakemea waliochelewa ibada. Wakamkubali. Wa pili fundi cherehani wa mkono wa kushoto. Wakasema huyo alikuwa anachoka mapema. Akawajibu kwamba ng'ombe wa maziwa naye halimi, na hakuna aliyewahi kumkataa. Nilicheka, nikasahau hatari iliyolala nyuma yangu. Akapitisha mwalimu wa hesabu, akapitisha dereva wa lori, na kwenye nafasi ya senta akamweka mfugaji mmoja wa Nkololo aliyecheza pekupeku kwa sababu viatu vya misheni havikumtosha.

Hapo kofia ikasogea.

"Na yule mrefu wa Sapiwi umemwacha wapi?"

"Yule yuko benchi, mzee. Kufunga alijua. Ila ukimpa mpira, huuoni tena."

Watu wakacheka mpaka wengine wakashuka kwenye mafurushi. Mimi nikakohoa. Nikakohoa tena, kwa nguvu, nikimkazia macho, mpaka mama mmoja akanishauri niende hospitali. Mchumba wangu akadhani ni vumbi la pamba.

"Ulimwona wewe?" baba akauliza.

"Sikumwona, mzee. Baba yangu alicheza naye timu moja. Mpaka leo anasubiri pasi."

Baba akarudisha kofia usoni. Baba yangu akikasirika husema, na kijiji kizima hupata habari. Akiumia hujifunika.

Nilipopata nafasi ya kumwambia mpima mizani wangu kwamba yule mzee ni baba, na mrefu wa Sapiwi ndiye yeye, alikaa palepale kwenye mzani. Akaniuliza kama atume mtu aseme amebadili kikosi, mrefu wa Sapiwi ameanza na wa Nkololo ameenda benchi. Nikamwambia asithubutu. Amelikoroga, alinywe. Nilikuwa na hasira naye kwa kusema, na nilikuwa na hasira zaidi kwa sababu alisema kweli. Nilipokuwa mdogo baba aligongomea ringi ya baiskeli kwenye nguzo ya zizi ili anifundishe kufunga. Nilichojifunza hasa ni kuokota mpira.

Msimu ukaisha, posa ikaja. Mchumba wangu aliachwa kwa jirani, kama desturi inavyotaka. Waliofika nyumbani ni mshenga, mjomba wake, na baba yake, mzee mfupi mpole aliyekaa mwisho wa benchi. Wakaamkiana kwa Kisukuma, mwadila kwa zamu, vizuri kabisa. Baba na yule mzee walipeana mikono bila kutajana. Kisha ng'ombe wakaanza kusemwa.

Tulisikiliza kutoka jikoni, mama na mimi. Mshenga akamtaja ng'ombe mwekundu. Baba akasema wekundu wa namna hiyo macho yao hayatulii. Akatajwa mweusi mwenye baka, baba akasema anajua ukoo wa ng'ombe huyo, ni wavivu. Akatajwa mtamba, baba akataka kujua mama yake alikuwa na tabia gani. Kutia kasoro ni desturi, lakini desturi ina mahali pa kucheka, na baba hakucheka. Hata wajomba zangu, watu wa kasoro kuliko wote, walianza kutazama chini. Mama akaacha kukoroga ugali. Mshenga akavuta fimbo yake karibu, kama mtu anayejiandaa kuaga.

Nilimtaka mtu yule. Nilikuwa nimeshapanga maisha yangu yote naye, mpaka mahali pa kuweka mtungi, na sasa yalikuwa yanaondoka uani kwa sababu ya mpira uliodundwa kabla sijazaliwa.

Ndipo yule mzee mfupi akainuka. Akaitazama ringi kwenye nguzo ya zizi.

"Kumbe bado unacheza," akasema.

"Nacheza."

"Peke yako?"

Baba akatazama mikono yake kwa muda, kisha akaniita nilete mpira. Nikauleta, umechakaa mpaka umeota upara. Akauinua usawa wa kifua, macho kwenye ringi, na niliona mabega yake yanapanda kama yalivyopanda siku zote. Nikasema moyoni, basi, tumekwisha.

Akageuka akampa pasi yule mzee.

Mzee wa Ipililo aliudaka kwa tumbo, akalenga, akarusha. Mpira ulipita juu ya nguzo, ukaangukia zizini katikati ya ndama.

"Mmeona," baba akawaambia wote, "kwa nini nilikuwa simpi."

Wajomba zangu walicheka hadi machozi, na mzee wa Ipililo akacheka kuliko wao. Mimi sikucheka, nilikuwa namwangalia baba. Hakuniita nikaokote. Alipanda mwenyewe juu ya boma la zizi akiwa na nguo zake za wageni, akautoa mpira, akaufuta kinyesi kwa shati lake jeupe, akampa tena. Mzee akakosa tena. Baba akaufuata tena, akampa.

Hawakurudi kwenye viti mpaka mzee wa Ipililo alipofunga, na ilichukua muda, maana kweli hakujua kufunga. Mazungumzo yalipoendelea, yule ng'ombe mwekundu macho yake yalikuwa yametulia.