Rangi ya Kucha Kwenye Mkebe wa Tata

Juzi mpwa wangu alifungua chupa ya rangi ya kucha chumbani ninamolala. Harufu yake kali ilinikuta nikikunja mablanketi tuliyoazima kwa ajili ya wageni wa matanga. Tulimzika baba yangu wiki iliyopita. Sijalia bado, na sitajifanya kwenu kwamba nimelia. Lakini harufu ile ilinikalisha kitandani.

Baba yangu, ambaye sisi tulimwita Tata, alikuwa fundi wa redio pale Nyamache. Kibanda chake cha mbao kilishikana ukuta na stoo ya ndizi ya Mama Nyaboke, mjane mcheshi mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya bonde. Ili kurekebisha redio za watu, Tata alijitengenezea kifaa kidogo cha kutoa mawimbi: transista, koili aliyoizungusha kwa mkono, na betri. Redio iliyo mezani ilipoyanasa mawimbi hayo ililia kama filimbi, naye akawa anageuza bisibisi taratibu mpaka sauti ikatulia pahali pake. Shida ni kwamba mawimbi hayakukubali kubaki mezani; yalipenya ukuta yakapiga filimbi kwenye redio ya Mama Nyaboke pia.

"Fundi, mfunge nyoka wako!" Mama Nyaboke alikuwa akipaza sauti kutoka upande wa pili. "Amemmeza mhubiri!"

Basi Tata akamfunga. Alifupisha kila waya, akaongeza kapasita karibu na betri, akatia kila kitu ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, na kutoka mkebeni akavuta waya hadi kwenye chuma alichokizika penye udongo wenye unyevu. Bado filimbi ilisikika, mpaka alipokwangua rangi ya mkebe ukingoni ili mfuniko na mkebe vigusane chuma kwa chuma. "Mawimbi ni kama moshi," aliniambia. "Ukiacha ufa, yatautafuta." Siku hiyo Mama Nyaboke alituletea mkungu wa ndizi, akasema nyoka amekufa.

Nilikuwa na miaka tisa. Shangazi yangu wa Nairobi alikuwa ameniachia chupa ya rangi nyekundu ya kucha, lakini mama yangu alikuwa Msabato asiyetaka mchezo. "Kucha za binti yangu zitapakwa udongo wa shamba tu," alisema. Kwa hiyo nilikuwa na rangi lakini sikuwa na pa kuipaka. Jioni moja kibandani niliutazama ule ukingo uliokwanguliwa, umeanza kushika kutu, nikauonea huruma. Niliupaka wekundu pole pole, mkebe na mfuniko pia, mara mbili, nikapuliza mpaka ukakauka. Nilitaka Tata aufurahie. Kisha nikafunika.

Kesho yake mchana alikuwa na redio ya mteja mezani. Alishika mkebe bila kuuangalia, akawasha swichi iliyokuwa ubavuni. Ilikuwa saa ya matangazo ya vifo kwa Kigusii. Siku zile simu zilikuwa chache, na msiba uliwafikia watu wengi kupitia redio. Mama Nyaboke aligonga ukuta.

"Fundi! Nyoka!"

"Si mimi, mama! Wangu nimemfunika!"

Alisema hivyo kwa fahari, akaendelea na bisibisi yake.

Ijumaa, siku ya soko, mwanamke mmoja kutoka Kenyenya alimshika Mama Nyaboke mkono mbele yetu. "Pole kwa dada yako," alimwambia. "Mbona jana hukuja kumzika?"

Mama Nyaboke hakupiga ukemi. Aliingia kibandani akasimama mbele ya Tata. "Ulisema si wewe," alisema.

Tata akafungua mkebe. Aliipitisha kucha kwenye rangi nyekundu iliyotenganisha chuma na chuma, kisha akanitazama mimi. Ningeweza kusema wakati ule. Nilimwogopa mama yangu kwa sababu ya ile rangi, nikaangalia chini.

"Kosa ni langu," Tata alisema. "Sikuukagua mfuniko."

Mama Nyaboke alipoondoka, Tata alichukua kisu akaikwangua rangi yote. Hakuniuliza lolote siku ile, wala baadaye. Kila asubuhi aliendelea kumsalimu Mama Nyaboke, "Bwakire buya," naye akapita kama aliyesalimiwa na ukuta. Mimi nilikua, nikaacha shule kidato cha pili, nikaolewa Nyamira. Kila nilipokuja nyumbani nilimkuta bado anamsalimu.

Mazishini Mama Nyaboke alikuja, akakaa nyuma kabisa, akaondoka kabla ya chakula.

Baada ya harufu ile ya juzi nilikwenda kwake. Nilimkuta akichambua maharagwe, nikamweleza yote, kuanzia chupa hadi kisu. Mikono yake ilisimama.

"Kerubo," alisema, "miaka yote hii sikumjibu. Sasa nitamwambia nani?"

Utotoni niliamini kwamba kimya changu kilinikinga mimi na kiboko cha mama tu, na kwamba Tata, kwa kuwa alikuwa mkubwa, hakikumuuma. Sasa naelewa kwamba kila asubuhi alisimama pale mlangoni akilipokea kosa langu upya, na kwamba neno moja langu lingetosha kumwondoa pale. Mama Nyaboke alinisogezea upande wa ungo. Tukachambua maharagwe mpaka yakaisha.