Nilivyowaanulisha Akina Mama Dagaa Jua Likiwaka

Kuna watu mpaka leo wakikutana nami sokoni wananiuliza kama mvua inakuja, nami nacheka kidogo huku naangalia viatu vyangu, kwa sababu aibu niliyoipata siku ile haifichiki, walioiona ni wengi na waliobaki wamesimuliwa na watu wanaojua kusimulia kuliko mimi. Basi bora niiseme mwenyewe, angalau niisikie kwa sauti yangu.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Ofisi yetu iko Butimba, chumba kimoja na feni moja, na bosi wangu ni dada mmoja anaitwa Rehema, mpole wa sauti lakini hasahau kitu. Tulikuwa tumetengeneza mfumo kwa ajili ya kikundi cha akina mama wanaoanika dagaa kwenye mwalo mmoja, yaani ufuko wa ziwa mitumbwi inaposhushia samaki, upande wa Ilemela (mwalo wenyewe siutaji, wenyewe wanajijua). Dagaa akishaanikwa adui yake ni mvua. Akinyeshewa kabla hajakauka anaharibika, chakula cha watu kinageuka chakula cha kuku, na mama aliyeamka alfajiri kuwahi mitumbwi anarudi nyumbani na harufu tu. Mfumo wetu ulikuwa unafuatilia hali ya hewa, mvua ikikaribia upande ule simu za wanachama zinalia: anueni. Ulikuwa umefanya kazi miezi kadhaa, na sasa wageni walikuwa wanakuja kuutazama ili waamue kama mialo mingine nayo iupate.

Wiki moja kabla ya wageni, Rehema akanipa kazi. Niieleze kwa asiyejua: programu inaandikwa vipande vipande, kila kipande na kazi yake, na juu ya kila kipande tunaacha maelezo mafupi kwa lugha ya binadamu, kwamba hiki kinafanya hivi na hivi. Kompyuta haiyasomi hayo maelezo, inayaruka, ni ya kutusaidia sisi wenyewe. Ubaya wake ni kwamba unaweza kukibadilisha kipande leo na maelezo ukayaacha yaleyale ya zamani, kama kopo lililoandikwa majani ya chai kumbe mama mwenye nyumba ameshatia chumvi.

"Shija," Rehema akaniambia, "pitia vipande vyote. Soma maelezo, halafu soma kipande chenyewe, uone kama vinasema kitu kimoja. Visipokubaliana, rekebisha."

Nikasema sawa dada. Na hapo ndipo nilipojichimbia shimo, kwa uamuzi mdogo kabisa: nikasoma maelezo peke yake. Niliona kwamba nimeyaandika mwenyewe, tena kwa Kiswahili safi chenye nukta na mkato (nilifika mahali nikajisifu), sasa mtu ajichunguze nini, na isitoshe siku hiyo kwa mama lishe wa jirani kulikuwa na sato wa kuchoma, na sato wa pale huwa hamngoji mtu. Nikaweka alama ya vema kila mahali, saa saba nilikuwa mezani nachambua miiba. Rehema alipouliza nikamjibu kwamba yote yanakubaliana.

Siku ya wageni jua lilikuwa kali, mbingu nyeupe, hata wingu la kuazima hakuna. Turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, akina mama wamevaa vitenge vya sare, na nyuma yao vichanja vya kuanikia dagaa vimejaa ufuko mzima. Mwenyekiti wao, Mama Nyamizi, mama mwenye mwili wake na kicheko cha taratibu, alikuja mpaka nilipokaa na kompyuta yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Leo usituangushe."

"Hapana mama, leo mtafurahi."

Mgeni rasmi akaanza hotuba. Baada yake ilikuwa zamu yangu kuonyesha mfumo, nikaona nijaribu kidogo kabla. Nikatafuta kipande cha kufanyia majaribio, juu yake pameandikwa kwa mkono wangu mwenyewe: "Jaribio tu. Hutuma ujumbe kwa simu ya fundi peke yake." Nikafurahi. Na kwa kuwa ujumbe ulikuwa unakuja kwangu tu, nikaona niweke na utani, ili nikiwaonyesha wageni simu yangu wacheke wakati wanaelewa. Nikaandika: "Tahadhari. Mvua kubwa inafika mwaloni ndani ya dakika ishirini, anueni dagaa wote sasa hivi. Na fundi wenu naye jamani atafutiwe mke, maana hata nguo zake hazina wa kuzianua." Nikabonyeza.

Nilichokuwa nimekisahau ni kwamba miezi mitatu nyuma, siku moja ya haraka, nilikibadilisha kile kipande ili kitume kwa akina mama wenyewe, kwa orodha ileile ya tahadhari za kweli, nione kama ujumbe unawafikia, nikajiahidi kukirudisha. Sikukirudisha, na maelezo sikuyagusa.

Ikalia simu moja mstari wa mbele. Ikalia ya pili. Halafu turubai zima likawa linalia. Mgeni rasmi alikuwa ndiyo kwanza anafika kwenye umuhimu wa teknolojia, akina mama wakasoma, wakainuka wote kwa pamoja, viti vikaanguka, vitenge vikapandishwa magotini, wakatoka mbio. Hakuna hata mmoja aliyetazama juu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba walikuwa wameuamini ujumbe wangu kuliko macho yao. Mimi nikawakimbilia nyuma nikipiga kelele kwamba hakuna mvua, nao wakadhani nawahimiza, wakaongeza mwendo. Mgeni mmoja naye akavua koti akawa anashika midomo ya magunia. Dakika kumi na tano, dagaa wabichi nusu, wakavu nusu, wote magunini, wanatoka jasho.

Na ujumbe wangu kwa kuwa ulikuwa mrefu, mtandao ulikuwa umeukata vipande viwili. Cha pili ndiyo kwanza kikafika, wakati wamesimama wanahema wanaangalia mbingu isiyo na kitu. Nikawaona wanasoma habari za mke. Bibi mmoja akasoma kwa sauti, polepole, mpaka mwisho, halafu akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

Mama Nyamizi akaja. "Baba, hii nini?"

Nikasema mtandao. Ndiyo, nilisema hivyo, sitawaficha. Nikasema mitandao siku hizi inachanganya mambo, mama, si sisi. Na Rehema amesimama pale pale, anasikia.

Labda ningepona na uongo wangu, lakini mwisho wa ufuko kulikuwa na kichanja kimoja hakijaguswa, dagaa wake wanakauka vizuri kuliko wa mtu yeyote siku ile, na mwenyewe ameketi kando juu ya ndoo. Alikuwa Kabula, mjane, aliyeingia kwenye kikundi mwaka huo. Mama mmoja akasema kwa hasira, "Mnamwona? Hata leo." Ndipo nikaelewa kwamba Kabula alikuwa ameshanyeshewa mara mbili, wenzake wamekimbia kutoka majumbani mwao yeye kakaa kwake, wakasema anadharau tahadhari na anaharibu jina la kikundi, na kikao kijacho kilikuwa cha kumtoa.

"Simu yangu haijalia," Kabula akasema. Hakupandisha sauti. "Nilishawaambia hailii. Mkasema nadanganya."

Nikapiga hesabu. Kama namba ya Kabula ipo kwenye mfumo na ujumbe umekwenda kwa wote, simu yake ingelia. Na kama haikulia leo, basi haikulia na zile siku mbili. Nikiendelea na hadithi yangu ya mtandao, mimi nabaki fundi na mwenzangu anafukuzwa kwa kosa langu. Mficha uchi hazai, bwana. Nikasema, "Mama, si mtandao. Ni mimi," nikaeleza yote, na sato nikamtaja.

Mama Nyamizi akavuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta. "Soma panapotuma kwetu. Anza na yale maelezo ya juu."

Nikasoma: "Hutuma tahadhari kwa wanachama wote."

"Haya, sasa soma ndani."

Nikasoma ndani. Ndani ilikuwa imeandikwa itume kwa watu mia mbili wa kwanza kwenye orodha, kwa sababu wakati naandika walikuwa mia mbili kamili. Nikatafuta jina la Kabula. Alikuwa wa mia mbili na moja, wa mwisho kabisa.

Halafu Mama Nyamizi akasema, "Fundi, sisi tukinunua gunia la dagaa hatutazami juu. Juu kila muuzaji anapanga wazuri. Tunatia mkono mpaka chini." Akainuka, akaenda kwa Kabula, akamwomba msamaha mbele ya wageni na mbele ya wenzake, na nilimwona Kabula anajifuta macho kwa pembe ya kitenge. Baadaye akina mama wakaanika upya. Dagaa waliochanganyika na mchanga walikuwa wengi, na hakuna aliyenitukana, ingawa walikuwa na haki.

Kwenye gari Rehema aliniuliza swali moja tu: "Sato alikuwa mtamu?" Kisha siku tatu mfululizo akakaa nami, mimi nasoma maelezo, yeye anasoma kipande, mmoja baada ya mwingine kama watu wanaohesabu sadaka. Tulikuta vipande tisa visivyokubaliana na maelezo yake. Namshukuru dada yule, kwa sababu angeweza kunifukuza na kazi akaimaliza peke yake kwa nusu ya muda huo.

Hofu yangu ilikuwa moja tu, kwamba mvua ya kweli ikija hawatakimbia tena. Ilikuja wiki ya pili. Nilikuwa mwaloni, mfumo ukatuma, nikasimama nawatazama. Simu zikalia. Safari hii walitazama juu kwanza, halafu wakakimbia, na wa kwanza kufika kwenye kichanja chake, simu ingali inalia mkononi, alikuwa Kabula. Sijawahi kupenda mlio wa simu namna ile, na machozi yalinitoka, nikasingizia mvua.

Jioni akaniletea ndoo ndogo ya dagaa, wamekauka safi. Kabla sijasema asante nikatia mkono mpaka chini. Wote walikuwa wazuri, wa chini sawasawa na wa juu. Kabula akacheka, akasema sasa nimeanza kujifunza kazi.

Toka siku hiyo siweki alama ya vema mahali ambapo mkono wangu haujafika chini, hata kama sato yuko mezani na moshi unamtoka. Na Mama Nyamizi kila akinipigia simu humalizia kwa kuniambia kwamba ile sehemu ya pili ya ujumbe bado wanaishughulikia.