Mafuvu Kwenye Jalada la Santuri

Santuri ikiungua hainuki kama karatasi wala kuni. Inanuka lami na nywele, na moshi wake mweusi unakaa kooni wiki nzima. Niliutia mkono wangu wa kulia ndani ya moto huo nikiwa darasa la nne, nyuma ya kanisa letu kule mlimani Sagalla, kuitoa santuri ya nne ya kaka yangu Mnjala. Ikanigandia vidoleni kama ugali unaochemka. Aliyewasha kiberiti ni Mwakio, mzee wa kanisa. Namtaja kwa jina kwa sababu yeye hakuona haya kututaja sisi mimbarini.

Mnjala alikuwa dobi kwenye hoteli ya watalii, na kijana mmoja mzungu alimwachia santuri nne za bendi ya magitaa mazito, bendi ambayo hata kwao, alisema, makanisa yaliilaani. Mwaka ule mvua ilitukwepa, mahindi yakakauka yakiwa usawa wa goti, nasi tukakaa chumbani kwake tukisikiliza gramafoni ya betri. Santuri ya kwanza ilikuwa kelele tupu za vijana wenye hasira wasiojua wamkasirikie nani. Ya pili ilikwenda mbio zaidi, ila gitaa lilianza kusema. Ya tatu ndiyo iliyonishangaza: katikati walinyamaza wote, likabaki gitaa moja likilia polepole. Mnjala akaniambia, "Sikia, Wawuda. Hawa wamekua. Mwenye kelele siku zote kuna kilio amekificha." Ya nne ilikuwa nzito, ya taratibu, kama treni ya mizigo ikipanda kutoka stesheni ya Maungu, na jalada lake lilikuwa na mafuvu yaliyopangwa mstari ndani ya pango.

Jalada hilo ndilo lililotuua. Mlimani kwetu wazee wa kale walihifadhi mafuvu ya wazazi wao mapangoni, yamepangwa vilevile, na Wakristo wa siku zile hawakuyataja ingawa waliyaogopa. Mwakio alipoliona alisema Mnjala amewapiga picha wafu wetu akawauza kwa wazungu, ndiyo maana mvua imekataa.

"Huyu wa pili ni babu yangu," alisema mbele ya watu, kidole juu ya jalada. "Namjua kwa pengo."

"Mwakio, babu yako alizikwa na meno yote," nyanya yangu akamjibu. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimchomea mahindi."

Watu wakacheka, na kicheko hicho kikatuponza. Jumapili iliyofuata Mwakio alikuja kwetu na vijana wa kwaya, wakazibeba santuri, moto ukawaka. Pango lilikuwa mwendo wa nusu saa tu, na hakuna hata mmoja aliyepanda kwenda kutazama kama mafuvu ni yale yale. Mnjala aliambiwa ashuke mlima asirudi. Alishuka na nguo alizovaa, akafia Mombasa, nasi tukapata habari akiwa ameshazikwa. Mkono wangu ulipona umekunjika, kalamu haikukaa tena, na shule ikaishia hapo.

Leo kanisa lile lina magitaa ya umeme na spika za kutikisa mabati. Wajukuu wa Mwakio ndio wapigaji, naye hukaa mbele akipiga makofi. Vijana wanavaa fulana za mafuvu za mitumba hadi ibadani, hakuna anayewauliza ni babu wa nani. Wananiambia yaliyopita si ndwele. Ndwele ni yangu, siyo yao.

Mwakio yungali hai na akili zake timamu. Sitaki kuombewa. Asimame Jumapili, mbele ya waliosalia wa siku ile, aseme kwa mdomo wake kwamba Mnjala hakumuuza mfu wa mtu yeyote, na aseme nikiwa nimekaa pale namtazama.