Mwaka Mjomba Alipokosa Mabao

Jumapili iliyopita nilikuwa dukani kwangu hapa Kasulu mjini, napiga pasi gauni la bibi harusi, banda la mpira la jirani likamwaga watu. Timu yao ilikuwa imemaliza mechi nyingine bila bao. Nawajua watu wale. Hawaendi nyumbani moja kwa moja, husimama kwanza barazani kwangu wagawane lawama. Mmoja akasema kocha hana mbinu. Mwingine akasema viungo wanarudisha mpira nyuma kila mara, kana kwamba goli liko huko. Kisha kijana mmoja mwenye jezi akaifunga kesi: namba tisa karogwa, mnatafuta nini kingine? Wakacheka, wakatawanyika. Mimi nikachomoa pasi nikakaa kitini. Sikufichi ndugu yangu, nilichukia, na kazi ya jioni ile ikanishinda.

Nimekulia Busunzu, kwa bibi mzaa mama. Mama yangu aliolewa Titye, upande huu wa Kasulu, na nilipofikia umri wa kuteka maji akanipeleka kwa bibi nikamchangamshe, maana alibaki na mtoto mmoja tu nyumbani, mjomba wangu. Ukitaka kuijua nyumba ile, anza na harufu. Asubuhi kulikuwa na ukungu, na moshi wa jikoni ulikataa kupanda, ukatambaa chini kwenye migomba. Mchana kulikuwa na muhogo uliolowekwa, unaonukia vibaya mpaka ukishakauka na kusagwa, ndipo unapendeza. Jioni, maharage ya mawese. Bibi alikuwa anatia mawese bila huruma, mpaka ugali unabaki na rangi ya chungwa vidoleni, na unaenda shule kesho yake kila mtu anajua ulikula nini.

Mjomba alikuwa mtu wa mpira tangu nimjue. Alicheza uwanja wa shule, akacheza Kibondo, mashindano ya wilaya, na huko akaonwa na watu wa timu moja ya ligi kuu, ya mkoa wa mbali. Jina la timu silitaji, bado ipo na bado haifungi. Habari zilipofika kijijini, hakuna aliyelima siku hiyo. Mtoto wa Busunzu, ligi kuu! Hata waliokuwa wakimfukuza kwa kuwakanyagia mihogo walianza kusema ni wao waliomfundisha kukimbia.

Siku ya kuondoka tulimsindikiza mpaka barabarani, nusu ya kijiji. Sasa sikiliza vizuri hapa. Kwetu, mtu anapokwenda mbali, mzazi hutia maji kinywani akampulizia kichwani, kidogo tu, kama umande. Ni baraka. Mama yangu alipuliziwa hivyo alipoolewa. Lakini bibi siku ile aliinama. Aliinama na mgongo wake mbovu, akampulizia mjomba maji miguuni, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Watu wakacheka. Bibi akasema, kazi ya huyu iko miguuni, kichwani hana kitu. Wakacheka zaidi, mjomba naye akacheka, gari likaja, akapanda.

Mpira tuliusikiliza dukani. Mwenye duka alikuwa Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani na bidhaa akasahau kurudi. Alikuwa na redio kubwa kuliko zote, na mechi za mjomba zikitangazwa aliiweka dirishani, akapika chai ya tangawizi, na hakuna aliyelazimishwa kununua kitu. Wanaume walikaa kwenye magogo, wanawake wakasimama pembeni na watoto mgongoni. Mechi za mwanzo mjomba alifunga. Mtangazaji alikosea kulitamka jina lake la Kiha, nasi tulimsahihisha wote kwa pamoja kana kwamba anasikia. Nikirudi nyumbani mbio kumweleza bibi, alikuwa ananiuliza swali moja tu: hajaumia?

Halafu mabao yakakauka. Mtangazaji akaanza kusema ukame wa mabao, safu butu ya ushambuliaji, na sisi tulioyajua maneno hayo kwa mashamba na mapanga tukayaelewa haraka sana. Mechi baada ya mechi, mjomba anapiga nje, mjomba anapiga mwamba, mjomba kaotea. Hapo ndipo mahakama ya dukani ilipofunguliwa. Kwanza wakamhukumu mwamuzi. Wiki nyingine uwanja, kwamba una matope. Kisha kocha, mgeni yule, hajui watu wetu wanavyocheza. Kisha winga wa kushoto, kwamba ana wivu na krosi zake anazipeleka mawinguni kwa makusudi. Walihukumu kwa raha, na kila hukumu ilidumu mpaka mechi inayofuata.

Mwalimu wetu wa darasa, mtu wa Iringa aliyepangiwa kwetu na serikali, alijaribu kuwaeleza. Alichukua punje za maharage akazipanga mchangani: hawa viungo, hawa mabeki wa pembeni. Akasema timu nzima inajilinda, hakuna anayepanda kumsaidia, mshambuliaji anaachwa peke yake katikati ya watu wanne. Hata umlete nani, hafungi. Walimsikiliza kwa adabu, maana ni mwalimu. Alipoondoka mmoja akaziokota zile punje akatia mfukoni, akasema maharage ni ya kula.

Aliyeleta sababu nyingine alikuwa jirani yetu, mama wa nyumba ya juu, ambaye yeye na bibi walikuwa wanaombana moto na chumvi tangu ujana wao. Sijui kama alikusudia. Nimeliwaza hilo miaka mingi na bado sijui. Mjomba alikuwa amekosa penalti siku hiyo, redio ikazimwa, naye akasema tu: mimi sisemi kitu, nakumbuka tu yale maji. Kwa nini miguuni?

Basi. Mtu akitaka kujua uwongo unavyokua haraka kuliko magugu, aje aniulize mimi. Kabla ya jua kuzama ilikuwa imeshajulikana kwamba bibi alimfunga mwanawe miguu ili arudi nyumbani amlimie. Kesho yake kisimani wanawake walinipisha nichote kwanza. Ukidhani ni heshima, hujawahi kupishwa hivyo. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja.

Bibi alilipokea jambo hilo kwa namna yake. Alicheka. Akasema mtoto wangu atafunga, na siku akifunga wataona haya wenyewe. Lilikuwa hilo tu, ndugu yangu. Bao moja. Kila mtu alilijua, mpaka mwenyekiti wa kijiji, ambaye alikuja akasema kwa upole kwamba yeye binafsi hayaamini mambo hayo, lakini ingesaidia sana kama kijana angefunga. Mimi nikawa natumwa dukani kusikiliza, na njiani nilikuwa naomba. Sikuombea mtihani wala mvua. Niliombea krosi nzuri.

Mavuno ya maharage yakafika. Kwetu maharage hayapigwi na mtu mmoja. Unapika pombe ya ndizi, unaita majirani, wanakuja na fimbo zao, mnapiga mirundo uwanjani kwa kupokezana, mkiimba, vumbi linapanda, watoto wanaokota punje zilizoruka. Kazi ikiisha mwenye nyumba anaonja pombe mbele ya wote, kuonyesha haina baya, ndipo anapitisha. Bibi alipika. Aliifagia ile sehemu mwenyewe, akamwaga mirundo, akaketi akingoja. Jua likapanda. Tuliwasikia watu wakipita njia ya juu, wakiongea, sauti zikishuka wakikaribia kwetu na kupanda tena wakishapita.

Walikuja wawili. Mwalimu, na mwenye duka, ambaye hanywi pombe na hakuwahi kushika fimbo ya maharage maishani. Alikunja kanzu yake akaifunga kiunoni, akapiga vibaya vibaya, akisema pole kwa kila punje aliyoirusha kwenye majani. Sikuwahi kumpenda mtu kama nilivyompenda siku ile. Tulipomaliza bibi akachota pombe, akaonja yeye kwanza, taratibu, akiutazama uwanja kana kwamba umejaa. Akampa mwalimu. Mwalimu akanywa mpaka tone la mwisho, na nilijua haipendi.

Wema huo nao ukatugeuka. Wakasema, mnaona, marafiki zake ni wageni tu, wasiomjua. Muda si mrefu vijana wakaanza kutaja kamchape, wale watu wanaopita vijiji vyetu wakidai wanatoa uchawi majumbani. Wakiitwa, hawaondoki mikono mitupu. Wanachimba sakafu mpaka waonekane wametoa kitu, na nyumba iliyochimbwa haikaliki tena, mara nyingine haibaki hata paa. Mwenye duka ndiye aliyempigia mama simu. Mama akaja.

Bibi alikataa kuondoka. Alisema pale ndipo alipomzika mumewe, chini ya migomba ile, na nafasi yake iko pembeni yake, imeachwa wazi. Akasema subirini, mechi ya Jumamosi atafunga. Mama akamwambia, mama, vijana hawasubiri Jumamosi. Walibishana jikoni, mimi nikipepeta maharage yale yale nje, na mwishowe nikamsikia bibi akiuliza kama huko Titye kuna migomba. Mama akajibu ipo. Tuliondoka Alhamisi asubuhi, kwa ukungu. Jirani wa juu alisimama mlangoni kwake, mkono mdomoni, hakuaga. Bibi alimuaga.

Jumamosi hiyo tulikuwa Titye, kwenye redio ndogo ya baba, imefungwa kwa mpira wa baiskeli isimwage betri. Kipindi cha pili mtangazaji akapandisha sauti. Beki wa pembeni, mwishowe, amepanda. Krosi. Mjomba. Kichwa. Bao.

Niliruka nikapindua sufuria. Nilimshika bibi mabega nikimtikisa, bibi, kafunga, tunarudi nyumbani, kesho tunarudi. Mama naye alikuwa anacheka na kulia. Bibi peke yake hakuinuka. Alitabasamu kwanza, nililiona tabasamu, la mzazi kabisa. Kisha likatoka usoni pole pole, akaweka mikono mapajani.

Akasema, hajaumia? Nikamwambia hajaumia. Akasema, basi, sasa ndiyo sirudi tena.

Sikuelewa. Ilibidi mama anieleze usiku, kwa maneno machache. Kwa muda wote ule mjomba alikosa, bibi akiwa Busunzu. Bibi kaondoka Alhamisi, mjomba kafunga Jumamosi. Ungewaambia nini? Siku mbili tu tungevumilia, bao lile lile lingemsafisha. Sasa ndilo lililomhukumu. Mwenye duka alipopita Titye baadaye akatuambia, huku akiangalia chini, kwamba redio ilipolia watu walikumbatiana barazani kwake, na walipotulia wakatazamana. Alisema aliizima redio na hakuiweka dirishani tena.

Mjomba alipiga simu jioni ya siku ile. Aliliita bao lake bao la mama. Bibi akamwambia ameliona, kana kwamba redio inaonyesha, akamsifia kichwa chake, akasema kumbe kichwani kulikuwa na kitu. Kisha akakata simu, akatukataza sote kumweleza kilichotuhamisha. Mtoto akijua, alisema, miguu itakuwa mizito kweli.

Aliishi Titye miaka kadhaa. Alilima, alipika maharage yake yanayotiririka mawese, lakini hakuwahi tena kupika pombe wala kuita watu kwenye mavuno. Tuliyapiga sisi wenyewe, kimya kimya, familia. Alifia Titye, na Titye ndiko tulikomzika, kwa sababu mama aliogopa kumpeleka maiti mahali ambapo hakutakiwa akiwa hai. Pale Busunzu sasa kuna shamba la mahindi la mtu nisiyemjua. Migomba imeng'olewa, kaburi la babu limesawazishwa na jembe, na nilipopita mara ya mwisho sikuweza kuonyesha kwa kidole lilipokuwa. Duka limefungwa. Mwalimu alihamishwa. Jirani wa juu amekuwa kikongwe, watoto wanapita mbali na nyumba yake, na nasikia wameanza kusema.

Mpira wa miguu siuchukii. Ninachokihesabu kimepotea ni uwanja ule uliofagiwa, na watu kuja na fimbo zao bila kuogopana. Siku hizi kila mtu anapiga maharage yake ndani ya uzio, kwenye turubai.

Mjomba aliacha kucheza zamani, ana tumbo, anafundisha vijana huko huko alikobaki. Kila mwaka huja Titye kupalilia kaburi la mama yake. Aliwahi kuuliza kwa nini hatukumzika kwa baba, tukasema barabara ilikuwa mbaya, akaamini. Akimaliza kupalilia hukaa chini kwenye majani, anafuta jembe, na kila mwaka husema jambo lile lile: kwamba katika maisha yake hakuwahi kumpa mama yake kitu cha maana, ila bao lile.

"Alifurahi sana siku ile, si ndiyo?"

Namjibu, "Alifurahi, mjomba."