Siku Niliyokuwa Kompyuta ya Gredi ya Tano

Mwalimu mkuu aliponiita ofisini kuniambia kwamba muhula huo ningefundisha koding, mimi nilisikia "kodi". Nikamuuliza kama watoto wa gredi ya tano si wadogo mno kwa mambo ya ushuru. Alinitazama juu ya miwani yake.

"Koding, Mwalimu. Ya kompyuta."

"Na mbona mimi?"

"Si ni wewe uliirudisha simu yangu kutoka Kichina?"

Ni kweli. Simu yake ilikuwa imegeuka Kichina yenyewe, nami nikabonyezabonyeza mpaka ikarudi. Sijui hata leo nilibonyeza nini. Lakini katika shule yetu ya Langas, hiyo ilitosha kunifanya mtaalamu. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa nimefundisha Kiswahili tu, na sikutarajia kubadilisha chochote kabla ya kustaafu.

Nikapelekwa semina ya siku mbili mjini. Kijana aliyetufundisha aliongea mbio, na kufikia saa nne ya siku ya kwanza nilikuwa nimepotea kabisa. Niliandika jambo moja tu kwenye daftari: kompyuta hufanya ulichoiambia, haifanyi ulichotaka. Niliporudi shuleni, hilo ndilo nililokuwa nalo. Tableti zilikuwa ndani ya kabati la chuma, na ufunguo ulikuwa umeenda na mwalimu aliyehamishwa.

Basi nikasimama mbele ya darasa nikiwa na chupa yangu ya chai.

"Leo mimi ndiye kompyuta," nikawaambia. "Nitafanya mtakachosema. Msiposema, sifanyi."

"Kunywa chai!" wakapiga kelele.

Nikasimama tu kama mlingoti.

"Chukua chupa!" Nikachukua. "Mimina!" Nikainamisha chupa, kifuniko kikiwa kimefungwa. Wakacheka. "Fungua kwanza!" Nikafungua. "Sasa mimina!"

Nikamimina mezani.

"Kwa kikombe, Ticha! Kwa kikombe!" Lakini kabla mtu hajakumbuka kuniambia niache, chai ilikuwa imefika kwenye rejista. Sijawahi kuwaona wakinisikiliza namna hiyo, hata siku ya mtihani.

Ndipo mkono mmoja ukainuka nyuma. Alikuwa msichana aliyehamia kwetu muhula huo kutoka Burnt Forest, na tangu aje nilikuwa nimesikia sauti yake wakati wa kuita majina tu.

"Weka chupa chini," akasema polepole. "Geuka kushoto. Tembea hatua sita. Fungua mlango. Toka nje." Kila neno lilikuwa mahali pake. Nikajikuta uani. "Sasa tembea mbele mpaka mimi niseme simama."

Kengele ya mapumziko ikalia. Ilikuwa siku ya uji. Karibu darasa zima likamwagika kuelekea jikoni, na yeye akiwa miongoni mwao.

Ningeweza kusimama. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusimama. Lakini wachache walikuwa wamebaki dirishani, na nilisikia mmoja akiuliza, "Amesimama?" na mwingine akijibu kwa furaha, "Zii! Bado anaenda!" Nikaona kwamba nikisimama sasa, somo langu lote limekwisha. Nikapita bendera, nikapita vyoo, nikafika getini. Geti lilikuwa limefungwa. Nikaendelea kupiga hatua palepale, pua ikigusa mabati.

"Madam, nikufungulie?" akauliza mzee anayelinda geti.

Sikuwa nimeambiwa niongee.

"Madam?"

Akavua kofia. Kisha akakimbia, na miaka yote niliyomjua sikuwa nimemwona akikimbia. Alirudi na mwalimu mkuu, mpishi aliyebeba jagi la maji, na mwalimu wa hesabu, ambaye pia ni mzee wa kanisa.

"Alianza lini?" mwalimu mkuu akauliza.

"Nimemwona tu akija hivi hivi. Hata salamu hajibu."

Mwalimu wa hesabu hakungoja zaidi. Akaniwekea mkono kichwani. "Toka!" akanguruma. "Nakuamuru, toka!" Nami kutoka ndiko nilikokuwa nikijaribu, ila geti lilikuwa limefungwa. Mpishi akauliza kama anaweza kumwaga maji sasa au asubiri amina. Tumbo liliniuma kwa kuzuia kicheko, na mabega yakaanza kutetemeka, jambo lililowafanya waombe kwa sauti zaidi.

Hapo msichana akatokea akikimbia, kikombe cha uji mkononi.

"Simama!"

Nikasimama. Mwalimu wa hesabu aliutazama mkono wake, kisha akamtazama mtoto.

"Niambie niongee," nikanong'ona.

"Ongea, Mwalimu."

Nikaeleza yote. Mwalimu mkuu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akashika geti kwa mkono mmoja, akacheka mpaka akavua miwani. Kesho yake alileta fundi akakata kufuli la kabati. Alisema ni heri tableti ziharibike kuliko mwalimu.

Walikuwa watoto watano kwa tableti moja, na kadhaa hazikuwaka kabisa. Sehemu kubwa ya mambo tulijifunza pamoja, wao wakitangulia. Kufikia mwisho wa muhula yule msichana alikuwa ametengeneza chemshabongo ya umoja na wingi, akaomba nijaribu mimi kwanza, mbele ya wote.

Swali likaja: wingi wa "uso". Nikaandika *Nyuso*.

*Si sahihi. Jaribu tena.*

Nikaandika tena. *Si sahihi.* Mara ya tatu darasa likaanza kunong'ona, na mtu akasema, "Na ni mwalimu wa Kiswahili!" Kwa dakika moja, naapa, niliishuku lugha yenyewe.

Msichana akainama juu ya bega langu. "Umeanza na herufi kubwa, Mwalimu. Mimi niliiambia ndogo."

Nikafuta, nikaandika upya kwa herufi ndogo. Tableti ikapiga makofi.

"Vizuri sana," akaniambia, kwa ile sauti ya upole ninayoitumia mimi kwa wanaosoma polepole, "lakini wakati mwingine usiharakishe."