Mahindi na Kilo Ishirini za Udongo

Kwa miaka kumi na moja niliwafundisha watoto wa darasa la tano, kule Ijumbi, kwamba mmea hujitengenezea chakula kwa hewa, maji na mwanga wa jua. Walinakili, mtihani ukija wakajibu hivyo hivyo, nami nikaweka vema.

Kisha nikaitwa kwenye semina ya walimu Bukoba mjini. Mwezeshaji wetu, mama mmoja aliyesomea namna watu wanavyojifunza, alituambia, "Mtoto haji darasani na kichwa kitupu. Anakuja na maelezo yake. Usipomwacha ayatoe, atajibu ya kwako kwenye mtihani, halafu atarudi nyumbani na yake."

Jumatatu sikuandika kitu ubaoni. Niliuliza tu, "Mahindi yakikua, ule uzito unatoka wapi?"

"Kwenye udongo, madamu!" Darasa zima. Watoto wa kibanja, shamba la migomba linalozunguka nyumba, wanaowaona wazazi wao wakitia samadi kwenye migomba, wangejibu nini kingine? Niliandika jibu lao kwenye karatasi, nikaibandika ukutani bila kulisahihisha.

Tulianika udongo kwenye turubai hadi ukakauka kabisa, tukapima kilo ishirini kwa mizani ya kahawa ya jirani, tukaujaza ndooni na kupanda mbegu tatu. Walimwagilia kwa zamu. Miezi mitatu baadaye tuling'oa, tukakung'uta mizizi vizuri, tukaanika udongo upya.

Mahindi yalikuwa kilo tatu na ushee. Tukapandisha udongo mizanini. Mshale ukasimama palepale karibu na ishirini.

Msichana mmoja alisogea, akaugusa ule mshale akidhani umekwama. "Madamu," akanong'ona, "kwa hiyo ni maji na hewa? Hewa hii?" Akapulizia kiganja chake, akakitazama.

Miaka yote ile nililisema jambo hili bila kuliamini. Hata mimi, moyoni, nilijua mahindi hula udongo.

Kesho yake baba wa yule msichana alikuja, jembe begani. "Mwalimu, mtoto amenisimulia. Sasa samadi naweka ya nini?"

"Sijui kukueleza vizuri, baba," nikasema. "Njoo Alhamisi, tuanze na unavyodhani wewe."

Alikuja. Akajibana kwenye dawati la mbele, magoti juu. Nilipouliza swali lake mwenyewe, mikono ikanyooka darasa zima, na wake ukiwemo.