Nilimnyooshea Kidole Aliyekuja Kuniinua

Nilidanganya. Naanza hapo hapo ili msinipe pole kabla hamjafika mwisho. Nilidanganya kwa maneno mawili na kidole kimoja, na mzee wa watu akabaki kilema. Jina langu mniachie. Mkisoma mtaona kwa nini siwezi kulitaja.

Mimi ni manseba. Kwa wasioijua Lubumbashi, ndivyo tunavyoitwa sisi tunaobeba abiria kwa pikipiki. Manseba, yaani mjomba! Mtu akichelewa ni mjomba wake, akishafika ni mwizi wake. Kituo chetu kiko kwenye njia ya kutoka Kasungami kwenda mjini. Tunataniana kutwa nzima, tunagombania wateja, lakini kuna jambo moja ambalo hatulifanyii utani: honi ndefu.

Honi ndefu ni ile unayobonyeza bila kuachia. Maana yake gari limemgonga mwenzetu. Ukiisikia unaacha ulichonacho. Mteja keshapanda? Ashuke! Unakula? Funika sahani! Tunakimbilia huko wote, na tukifika hatuulizi ilikuwaje. Tunauliza nani. Kwetu pikipiki haijawahi kuwa na kosa mbele ya gari.

Msituone wanyama. Tumezika wenzetu walioachwa barabarani na wenye magari waliokimbia, na hakuna aliyekuja hata kutupa pole. Honi ile ndiyo ilikuwa mahakama yetu.

Sasa sikieni nilivyoitumia.

Pikipiki ilikuwa ya shemeji yangu anayekaa Bel-Air. Nilikuwa nimeshaiangusha mara mbili, na mara ya pili aliniambia mbele ya mke wangu kwamba nikiiangusha tena nimrudishie ufunguo. Mchana ule mvua ilikuwa imekatika. Nilikuwa peke yangu, najisikia bingwa. Basi lililokuwa mbele yangu likapunguza mwendo, nami sikujiuliza kwa nini. Nikalipita upande wa kulia, kati yake na mtaro, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine nampungia dada anayekaanga maandazi pale kando.

Mbele ya basi kulikuwa na gari dogo jeupe. Lilikuwa limesimama. Limesimama kabisa! Mwenyewe alikuwa anampisha mama mmoja avuke na beseni lake la makaa kichwani. Nikalivaa kwa nyuma.

Nilipofungua macho nilikuwa kwenye matope, pikipiki imelala juu ya mguu wangu, mdomo unavuja damu. Na nikwambieni ukweli wa aibu: cha kwanza nilichotazama ni taa. Ilikuwa imepasuka, na usukani umepinda. Akilini nikamwona shemeji na mkono wake umenyooshwa, anadai ufunguo. Kidole gumba cha kushoto kikatafuta honi chenyewe. Nikabonyeza, sikuachia.

Wakati inalia, mwenye gari alikuwa keshashuka. Mzee mwembamba, koti la kijivu. Hakunitukana, hata gari lake hakulitazama. Aliinama, akaushika mkono wangu wa kulia kwa mikono yake miwili.

"Pole, mwana. Unaumia wapi? Njoo nikuinue, polepole."

Mikono yake ilikuwa ya moto. Nawaambia hilo kwa sababu mpaka leo nalisikia lile joto.

Wenzangu walifika wote kwa pamoja, kama kawaida yetu. Mbele alikuwa Chadrac, mkubwa wa kituo.

"Ni nani?" akauliza.

Nikauchomoa mkono wangu kwenye mikono ya yule mzee. Mkono ule ule! Nikamnyooshea kidole.

"Iko yeye! Iko yeye ndjo alinigonga!"

Yule mama wa makaa alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. "Hapana! Gari ilikuwa imesimama! Mulizeni kwanza!" Nani wa kumsikiliza? Nilimsikia mimi peke yangu.

Walimpiga. Kisha wakaliwasha gari moto. Mzee akajinyanyua kutoka chini, akawa anarudi kwenye moto ule, analia. "Mashini ya bibi yangu! Muache nitoshe mashini ya bibi yangu!" Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na cherehani, ndiyo aliyotaka kuitoa. Mtu mmoja akampiga mguuni kwa chuma ili asirudi, au ili aumie tu, sijui. Akaanguka na hakusimama tena.

Nami nilikuwa wapi? Nimekaa ukingoni mwa mtaro. Chadrac ananipangusa uso kwa maji, ananiambia pole ndugu, tumekulipizia kisasi. Neno moja tu lingetosha. Sikulisema!

Baadaye polisi walikuja kituoni, wakakamata pikipiki zetu. Wenzangu walikaa bila kazi, na watoto wao wakalala na chai tupu. Walivumilia kwa kichwa juu kwa sababu waliamini tulikuwa na haki. Shemeji naye, kusikia nimegongwa, akanihurumia na kuitengeneza pikipiki yake bila neno. Kila mtu alinihurumia. Ee Mungu wangu, ile huruma ndiyo iliyoanza kunila.

Pikipiki ziliporudishwa, nikaanza kuendesha polepole. Nikanunua helmeti nyeusi yenye kioo cha kufunika uso. Wenzangu wakanicheka, wakasema manseba huyu siku hizi anabeba mayai. Nilicheka nao.

Kiangazi kikaingia, na vumbi lake. Asubuhi moja akaja mzee kituoni kwa fimbo, mguu mmoja anauburuta. Nilimjua kwa koti. Nikashusha kioo cha helmeti. Lakini siku ile ya ajali sikuwa na helmeti, na uso wangu ulikuwa matope na damu, kwa hiyo yeye hakunijua. Wala wenzangu hawakumjua! Mtu waliyemvunja walimwita Papa, karibu Papa, wakamgombania kama mteja yeyote. Yeye akanyoosha fimbo kwangu.

"Ule wa casque nyeusi. Banasema anatembeza polepole. Miye moto, hizi pikipiki, inanitia woga."

Akapanda. Akaweka mkono begani kwangu.

Tangu hapo akawa mteja wangu wa kila asubuhi. Alikuwa amehamia kwa binti yake Kasungami, na mimi nilimpeleka kwa mtu aliyekuwa anamnyoosha mguu. Ningeweza kumkwepa. Nilijaribu kumwachia mwenzangu, akakataa, akanisubiri. Njiani alikuwa anazungumza nyuma ya sikio langu. Nikajua cherehani ilikuwa ya marehemu mkewe, iliyowasomesha watoto wao wote, na siku ile alikuwa anaipeleka kwa fundi ili binti yake aanze kushona. Nilikuwa naitikia ndiyo Papa, ndiyo Papa, huku kioo kinajaa ukungu wa machozi.

Siku moja akaniambia, "Miye sichukie bamanseba. Kuko moja tu minatafuta. Si kumupiga. Nitamuuliza tu: ile mukono nilikushika, haukuisikia?"

Nilijifanya upepo umenizuia kusikia.

Nilijiapia kumwambia. Kila asubuhi nilijiapia! Kila asubuhi nikamshusha, nikageuza pikipiki.

Halafu ikaja asubuhi ya utani. Mzee alikuwa keshapanda, mkono begani. Chadrac akawa anazunguka kituoni, ameficha hasira kwenye kicheko, anatafuta koti lake la baridi.

"Nani alikamata koti yangu? Nani?"

Nikamwona kijana mmoja amelikalia. Nikajisahau. Nikafungua kioo, nikanyoosha kidole, nikapaza sauti: "Iko yeye!"

Watu wakacheka. Vidole vya mzee vikakaza begani kwangu. Vilikaza mpaka nikaumia. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Twende."

Nikaondoa pikipiki. Tulipopita kona, kituo hakionekani tena, akasema nisimame. Akashuka taratibu, fimbo kwanza, kisha mguu mzima, kisha ule mwingine.

"Toa casque."

Nikaitoa. Akanitazama kwa muda mrefu.

"Sauti iko ile ile," akasema.

Nikapiga magoti kwenye vumbi, watu wanapita wanatushangaa. "Papa, unisamehe. Gari ilikuwa imesimama. Mi ndjo nilikugonga. Mi ndjo nilidanganya benzangu."

"Minajua gari ilikuwa imesimama. Mi ndjo nilikuwa ndani."

Nikamwambia turudi kituoni, aseme mwenyewe mbele yao, nipate ninachostahili. Akatikisa kichwa.

"Nikisema pale ni weye, batakufanya nini? Bataulizako kwanza? Bakijua balikamatiwa moto zabo juu ya bongo yako, ule uongo?" Akaegemea fimbo yake. "Ile kelele nilisikiako mara moja. Sitaki kuisikia tena, hata juu yako."

Akageuka aende. Hatua chache tu, akarudi.

"Na ile mukono? Haukuisikia?"

"Niliisikia, Papa."

Uso wake ukasawijika. Nadhani alitaka niseme sikuisikia, kwamba nilikuwa nimepoteza fahamu, kwamba sikujua nani ananishika. Angeweza kulala na jibu hilo. Nami siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nilimwambia ukweli, na ukweli ukamuumiza kuliko chuma kile.

Hakusema amenisamehe. Aliondoka kwa miguu.

Mpaka leo anatembea. Kila asubuhi anapita mbele ya kituo chetu na fimbo yake, na wenzangu wanamwita, Papa panda, Papa jua kali. Anawajibu, "Aksanti, banangu, nitatembea tu." Chadrac aliniuliza nimemkosea nini mzee wa watu mpaka akaniacha. Nikasema sijui. Oneni! Bado nadanganya.

Nilikata waya wa honi. Wakishangaa nawaambia imeharibika. Ninapoendesha bila abiria, bado nasikia uzito begani, natazama kwenye kioo cha pembeni, kiti ni kitupu. Mke wangu hanishiki tena mkono wa kulia kanisani wakati wa kupeana amani, maana nauchomoa kabla sijajua nimeuchomoa. Anadhani simpendi. Naye sijamwambia. Ninyi ndio wa kwanza kusikia.

Wenzangu wa pikipiki, popote mlipo, Kolwezi, Likasi, hata nje ya nchi yetu: najua honi yenu na sababu zake. Lakini jamani, kabla hujabonyeza, jiulize gari lilikuwa limesimama au la. Nanyi mnaokimbilia, msikilizeni mama wa makaa. Ulizeni kwanza ilikuwaje.

Leo asubuhi mvua imeanza tena. Mzee amepita, koti limelowa, mguu unavuta matope. Nimewasha pikipiki, nimemfuata mpaka kona, nikaenda sambamba naye, nikimnyooshea mkono wangu wa kulia. Ameutazama. Akahamishia fimbo upande wangu, ikawa kati yetu, akaendelea kutembea.